Chukueni Njia, Orodha Andikeni Wenyewe



Leo nazungumza na wazazi walioamua kuwafundisha watoto wao nyumbani, au wanaolipima jambo hilo moyoni, na hasa wale waliovutiwa na mtaala unaojengwa juu ya vitabu vya fasihi. Katika mtaala wa namna hii mtoto haijui historia kwa kukariri aya tano za kitabu cha kiada na kujibu maswali kumi. Anaijua kwa kusoma maisha ya mtu, safari ya mtu, riwaya, utenzi. Wengi wanaoniuliza habari hizi wako mbali na nyumbani: mama wa Kikongo aliyehamia Marekani, baba wa Kizanzibari aliyeko Uingereza, familia iliyokwenda Muscat kwa kazi. Lakini wapo pia wa Nairobi na wa Arusha.

Niseme habari ya sheria upesi, tuendelee. Marekani majimbo yote 50 yanaruhusu kufundisha nyumbani, kila jimbo kwa masharti yake. Uingereza, Sheria ya Elimu ya 1996 inampa mzazi nafasi hiyo. Ujerumani mtoto lazima aende shule. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mwanawe anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa, na Tanzania nako sheria inataka mtoto aandikishwe shule. Kwa hiyo ulizia kwanza pale ulipo. Mzazi ambaye sheria haimpi ruhusa bado ana jioni, ana Jumamosi, ana likizo, na karibu yote nitakayosema yanaenea humo.

Sasa, mzazi akianza kutafuta, kitu cha kwanza kumfikia ni orodha. Kuna kampuni ya Marekani iitwayo Sonlight, iliyoanza mwaka 1990 huko Colorado, inayouza vitabu vya mwaka mzima kwa umri wa mtoto, pamoja na mwongozo unaomwambia mzazi leo soma sura hii, kesho ile. Kuna AmblesideOnline, ambayo ni ya bure, imepangwa kwa majuma 36 ya masomo kila mwaka. Mzazi aliyekuwa halali usiku kwa wasiwasi akiziona anashusha pumzi: kazi imekwisha kufanywa, kilichobaki ni kununua na kusoma.

Hapo ndipo ninapowaomba wazazi wasimame kidogo. Njia wanayoitumia watu hawa ni njema sana, ichukueni. Orodha yao ni ya nyumba yao. Yenu andikeni wenyewe.

Njia hiyo tunaweza kuifuata hadi kwa mwalimu mmoja wa Kiingereza, Charlotte Mason, aliyezaliwa 1842 na kufariki 1923. Alibaki yatima akiwa bado kijana, hakuolewa wala hakuzaa, na nguvu zake zote alizimaliza kwa watoto wa wenziwe. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha mihadhara aliyokuwa amewapa wazazi mjini Bradford. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha wazazi, na mwaka 1891 akahamia Ambleside, mji mdogo wa kaskazini ya Uingereza wenye milima na maziwa. Mwaka huohuo alianza kuwapelekea wazazi masomo kwa posta. Kila muhula familia ilipata programu yake: vitabu gani visomwe, kurasa zipi, mashairi ya nani, picha za mchoraji gani zitazamwe. Muhula ukiisha ulikuja mtihani, na majibu ya watoto yakarudi Ambleside kusahihishwa.

Namna alivyotaka kitabu kisomwe ndiyo inayonivutia zaidi. Mzazi anasoma kipande, tuseme ukurasa mmoja au miwili, mara moja tu. Harudii. Kisha anafunga kitabu na kumwambia mtoto: haya, nisimulie. Hapo mzazi ananyamaza. Haulizi nani alifanya nini, haandiki majibu manne ili mtoto achague moja, hamkatizi kumrekebisha tarehe. Mtoto anasimulia kwa maneno yake mwenyewe mpaka amalize, na masahihisho yakiwepo yanangoja.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini tazameni linavyomfanyisha mtoto kazi. Anajua kitabu hakitasomwa mara ya pili, kwa hiyo anasikiliza kwa mwili mzima. Akianza kusimulia lazima apange lipi lilitangulia na lipi likafuata, lazima aseme kwa nini mfalme alikasirika, lazima achague neno. Hiyo ni insha, anaitunga mdomoni kabla hajaweza kushika kalamu vizuri. Ndiyo maana Mason aliwaacha wadogo wasimulie kwa mdomo kwa miaka kadhaa, wakaanza kuandika masimulizi yao wanapokaribia miaka kumi. Masomo yenyewe yalikuwa mafupi: kwa mtoto wa chini ya miaka tisa, somo moja halikuzidi dakika 20. Wazazi wengi wanaoanza hulivunja sharti hili juma la kwanza. Wanasoma sura nzima, mtoto anachoka, nao wanadhani hapendi vitabu.

Bibi aliyetutolea ngano naye hakutuuliza maswali mwishoni. Alijua tumeshika tulipoanza kuzitoa ngano zake kwa wadogo zetu, tukimwigiza sauti ya fisi. Kwa hiyo mzazi wa Kiswahili anayeanza njia hii haanzi ugenini.

Na lipo la kuongeza kuhusu Mason, kwa sababu watu hudhani elimu ya vitabu ni ya wenye nafasi. Mwaka 1914 njia yake iliingizwa katika shule ya watoto wa wachimba makaa ya mawe huko Drighlington, Yorkshire. Nyumbani kwao hapakuwa na maktaba. Walipewa vitabu vilevile walivyosoma watoto wa matajiri, wakasimulia, wakaandika, na kazi zao zikamthibitishia Mason kile alichokuwa akikiamini: mtoto wa maskini hahitaji chakula cha akili kilichopunguzwa. Mzazi anayefanya kazi za usiku Ohio au Birmingham na kurudi nyumbani hoi asidhani mambo haya hayamhusu.

Sasa njoo kwenye orodha. Kitabu kimoja kilichokuwa katika programu za Mason, na ambacho mpaka leo kimo katika orodha ya AmblesideOnline, ni Our Island Story cha H. E. Marshall, kilichotoka 1905. Ni historia ya Uingereza kwa watoto, na imeandikwa kwa ufundi; mtoto akiisikia haitaki ikatwe. Lakini utangulizi wake unatuambia kilivyozaliwa. Watoto wawili wako Australia na baba yao. Baba anapokea barua, anasema imetoka nyumbani, na watoto wanashangaa, kwani wao wanajua nyumbani ni hapohapo Australia. Ndipo baba anapoanza kuwaeleza juu ya kile kisiwa kidogo cha mbali. Mwandishi alijua alichokuwa akikifanya: alikuwa anampa mtoto aliyezaliwa ng'ambo nchi ya kuitamani.

Nasi tunakitaka kitu hichohicho kwa watoto wetu waliozaliwa ng'ambo! Tukikichukua kitabu chake kama kilivyo, mwanao atakuwa na miaka minane, anasimulia kwa ufasaha habari za mfalme Alfred, na hajawahi kusikia jina la shujaa wetu Fumo Liyongo. Orodha za Marekani nazo hutumia miaka mizima juu ya mahujaji waliovuka Atlantiki na vita vya uhuru vya huko. Hakuna ubaya, waliotunga orodha hizo walikuwa wanawalea watoto wao. Sonlight, tena, imejengwa juu ya imani ya Kikristo, na mzazi Mwislamu anapaswa kulijua hilo kabla ya kutoa fedha.

Basi tuandike yetu. Nikichukua kitabu nisichokijua, natazama kwanza kama kina sauti ya mtu. Kitabu kilichoandikwa na mtu mmoja aliyelipenda jambo lake kinasikika hivyo tangu ukurasa wa kwanza, na kile kilichoandikwa na jopo ili silabasi itimie kinasikika hivyo pia, hata kama kila sentensi yake ni sahihi. Halafu nakifungua katikati, nasoma ukurasa mmoja kwa sauti, nakifunga, najaribu kuusimulia. Nikikosa la kusimulia, nakirudisha rafuni, hata picha zake zikiwa nzuri namna gani.

Hapo lazima niseme jambo ambalo waandishi wenzangu huenda wasilipende. Vitabu vyetu vingi vya watoto vina ugonjwa wa mawaidha. Mtoto mkaidi anaingia kwenye hadithi ili tu apate adhabu, na ukurasa wa mwisho unatwambia wazi tumejifunza nini. Kitabu cha namna hiyo hakisimuliki, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Mtoto anakariri lile fundisho na habari imekwisha. Linganisha na Hekaya za Abunuwasi. Abunuwasi anamrudishia jirani sufuria yake pamoja na kisufuria kidogo, anamwambia ile kubwa imezaa, na jirani anakubali kwa uroho. Siku nyingine anaazima tena, na safari hii anarudi na habari za msiba: sufuria imekufa. Mtoto wa miaka saba akiisikia mara moja ataisimulia kwa kila mgeni atakayeingia ndani ya nyumba, na atakuwa ameshaanza kufikiri juu ya uroho bila mtu kumhubiria.

Shaaban Robert naye ni mtu wa maadili waziwazi. Majina ya wahusika wake hutangaza tabia zao. Ila yeye ana hadithi. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952, kuna liwali mwema ambaye kila usiku anawachapa manyani wawili huku mwenyewe akihuzunika, na mfalme anataka kujua kwa nini. Mtoto gani asiyetaka kujua? Lugha yake ni nzito kwa mtoto wa miaka tisa kuisoma peke yake, na hapo wazazi wengi hukosea wakakiweka kitabu pembeni mpaka mtoto afike sekondari. Sikio la mtoto liko mbele ya macho yake kwa miaka kadhaa. Soma wewe, kwa sauti, kurasa mbili kila jioni, na acha maneno magumu yapite. Mengine atayaelewa kwa mkondo wa hadithi, na yale yanayomkera atayauliza.

Nataka kukaa zaidi kwenye historia, maana ndipo njia hii inapozidi kitabu cha kiada kwa mbali, na ndipo sisi tuna hazina ambayo wazazi wengi hawajui iko mikononi mwao.

Chukua biashara ya utumwa na pembe za ndovu katika karne ya 19. Kitabu cha kiada kitampa mtoto sababu, njia za misafara na madhara. Ataandika jibu, atapata alama, atasahau. Lakini Kiswahili kina kitabu kilichoandikwa na mfanyabiashara mwenyewe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule aliyeitwa Tippu Tip, kabla hajafariki Zanzibar mwaka 1905 aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na yakachapishwa. Mle ndani yumo kama alivyokuwa: mjasiri, mcheshi, mkatili, hodari wa kuhesabu faida. Yumo alivyopigana na mtemi Nsama na kutwaa pembe zake. Yumo alivyofika kwa mtemi mzee Kasongo Rushie, huko ambako leo ni Kongo, akajitambulisha kuwa ni mjukuu wa dada yake mtemi aliyetekwa zamani, na mzee akampokea kama damu yake na kumwachia utawala. Anaisimulia habari hiyo bila haya. Msomee mtoto wa miaka 12, kisha mwache asimulie, kisha umuulize swali moja tu: unadhani mzee aliamini kweli, au alikuwa na sababu zake? Nyumba haitalala mapema siku hiyo.

Ukimaliza, mfungulie Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka 1934. Mbotela ni mtoto wa mtu aliyetekwa upande wa Ziwa Nyasa, akatembezwa mpaka pwani, akapakiwa jahazini, na jahazi likakamatwa baharini na manowari ya Waingereza. Waliokombolewa namna hiyo waliwekwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kengele yao ya hatari ipo mpaka leo pale Kengeleni. Mzazi aliyeko Mombasa anaweza kumpeleka mwanawe akaiona. Kitabu kile nacho kina upande wake. Kinawasifu mno Waingereza na wamisheni, na mtoto mkubwa aambiwe hivyo. Lakini weka vitabu hivi viwili juu ya meza moja, yule aliyewaongoza wapagazi na watumwa na yule aliyezaliwa na mtumwa, wote wawili wakisema kwa Kiswahili, na mtoto atakuwa amefanya kazi ya mwanahistoria: kusikia mashahidi wawili wasiokubaliana na kupima. Kwa familia ya Kikongo jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Kiswahili kinachosemwa Maniema kilifika na misafara hiyohiyo. Mtoto anayeulizwa na wenzake wa Marekani kwa nini anasema Kiswahili naye si wa pwani, jibu lake limo humo, pamoja na uchungu wake.

Jiografia inasaidiwa na vitabu vya safari. Kuna kimoja ambacho natamani kila nyumba ya Waswahili wa nchi za baridi ikijue. Mwaka 1896 Mkomoro mmoja, Salim bin Abakari, alifuatana na bwana wake Mjerumani aitwaye Bumiller kwenda Urusi mpaka Siberia, akaandika kwa Kiswahili aliyoyaona. Habari zake zilitiwa katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa Ujerumani 1901. Katika vitabu vingi Mzungu anakuja kututazama sisi. Hapa mtu wetu ndiye mwenye macho, na baridi na desturi za kigeni ni za wenyeji wa kule. Mtoto aliyeko Minnesota na theluji mlangoni atampata mwenzake. Kitabu hiki ni cha zamani na hakiuzwi madukani, lakini chapa za umri huo nyingi zimepigwa picha na kuwekwa kwenye maktaba za mtandaoni, na mkutubi yeyote mwema atakusaidia kukitafuta.

Kwa vijana kuna Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, ambayo inamtoa kijana Tanga na kumpeleka hadi Kitale akimtafuta baba yake. Tandika ramani mezani na kila sura mtoto atie alama alipofika. Kwa yule anayesema hapendi kusoma, jaribu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, riwaya ya upelelezi ya Unguja yenye Bwana Msa na kiko chake. Msomee mpaka pale ambapo hakuna awezaye kuacha, kisha useme umechoka, umwachie kitabu. Akifika miaka 13 au 14 mpe Kusadikika cha Shaaban Robert. Habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande na kurudi wakafungwa zinagawanyika zenyewe kwa ajili ya kusimulia, na kijana aliyekwisha kuona serikali au mkubwa asiyetaka kuambiwa ukweli hatahitaji maelezo.

Na Rosa Mistika ya Kezilahabi? Ilipotoka 1971 ilizuiwa shuleni, na kweli si ya mtoto mdogo. Mimi nawashauri wazazi waisome wao kwanza, hasa wale wanaofundisha nyumbani ili kumkinga mtoto na dunia. Zakaria anamlinda binti yake kwa fimbo na kwa kumtenga, na Rosa anatoka kwa baba yake akiwa hajui lolote la kumsaidia huko aendako. Kabla hujachagua vitabu vya mwanao, jiulize unavichagua ili vimfungulie nini. Orodha ambayo kazi yake yote ni kuzuia haitamfaa siku atakapofungua mlango mwenyewe, na hiyo siku ipo.

Hesabu haifundishwi kwa riwaya. Hata Mason aliipa saa yake na kitabu chake, nawe fanya hivyo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada vya shule za msingi katika maktaba yake ya mtandaoni bila malipo, na vya hisabati vya Kiswahili vimo. Sayansi ya wadogo ianze nje ya nyumba, kwa daftari la kuchora mdudu, jani na wingu, na vitabu vifuate.

Swali la fedha. Familia moja haihitaji vitabu 60 kwa mwaka. Hadithi ndefu moja kwa muhula ya kusomewa jioni, kitabu kimoja cha historia au wasifu, mkusanyo mmoja wa mashairi, na vitabu vidogo vya kumfanyisha mtoto mazoezi ya kusoma mwenyewe. Hivyo vidogo vinapatikana bure African Storybook, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika. Vingine ni vizuri, vingine vimeandikwa harakaharaka, kwa hiyo visome kabla ya mtoto. Vya wachapishaji Mkuki na Nyota na vya wale wa Nairobi muagize jamaa anayesafiri. Shangazi anayekuja kuwatembelea akiuliza alete nini, mwambie vitabu, na umpe majina.

Wazazi wa ng'ambo huniambia pia: mwanangu Kiswahili chake kimevunjika, atasimuliaje? Atasimulia kwa hicho kilichovunjika. Mwache achanganye, aseme nusu Kiingereza, mradi hadithi isonge. Wewe ukiisha kumsikiliza, isimulie tena kwa kifupi kwa Kiswahili chako, kana kwamba unaifurahia tu, na kesho utasikia maneno yako mdomoni mwake. Ukimkatiza kila neno atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza humpati kwa urahisi. Wala usimcheke mtoto anayesema Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bujumbura kwa sababu kitabu kimeandikwa kwa usanifu. Cha nyumbani kwake ndicho mguu anaosimamia akipanda.

Nimebakiza kitabu kimoja cha binti zetu. Mwaka 1858, huko upande wa Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane aliyekuwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa kumwachia. Mama anamfundisha mwanawe nyumbani kwa fasihi, miaka 28 kabla Charlotte Mason hajachapisha mihadhara yake ya Bradford. Ni utenzi mfupi wa beti mia moja na kidogo, wa lahaja ya Kiamu, na unahitaji chapa yenye maelezo ya maneno. Ndani yake kuna mapenzi makubwa ya mama, na kuna mafundisho juu ya kumtii mume ambayo wanawake wengi wa leo, nami nikiwa miongoni mwao, hatuyakubali yote. Sioni hiyo kuwa sababu ya kuuficha. Msichana wa miaka 15 anaweza kusikia sauti ya mama wa karne nyingine, akaipenda, na akabishana nayo.

Someni beti chache kwa siku, asimulie mama anasema nini na kwa nini huenda mama mgonjwa wa wakati ule, mwenye binti wa kumwacha, aliona hayo ndiyo yatakayomwokoa. Mkimaliza, mwambie atunge beti kumi za kumjibu Mwana Kupona, kwa kanuni za utenzi: vipande vinne, mizani nane kila kipande, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne kinabeba kina cha utenzi wote. Mpe majuma mawili. Na wewe mama, katika majuma hayo mawili, tunga zako kumi, msomeane.